Kompyuta haiwaki, fundi anataka kupiga Windows!

Nilipotea kidogo hapa. Kwa siku 11 sikuwa na kompyuta, habari za gazetini nikawa naziandikia kwenye simu, na vidole vyangu wenyewe ni mashahidi.

Kompyuta yenyewe niliiunga kwa mikono yangu hapa Mbezi Beach. Nilikuwa nanunua kifaa kimoja kimoja kila mshahara ukitoka: leo kasha, mwezi ujao ramu, mwezi mwingine prosesa. Ilinichukua miezi saba. Rafiki zangu walinicheka sana, eti kwa nini usinunue mtumba uliokamilika ukapumzika? Niliwajibu kwamba nataka kujua kilichomo ndani. Maneno hayo nilikuja kuyakumbuka.

Jumatano moja usiku umeme ulikatika, ukarudi, ukakatika, ukarudi tena. Nikabonyeza swichi. Feni zikazunguka kama sekunde tatu hivi, zikazima, zikazunguka tena, zikazima. Kwenye monita giza tupu, hata ile nembo ya mwanzo haikutokea.

Asubuhi nikaibeba hadi Kariakoo. Wa kwanza hakuifungua. Aliitazama ikiwaka na kuzima, akasema, "Hii tupige Windows upya, bro. Elfu thelathini." Wa pili, duka la tatu kutoka hapo, naye hakuifungua. Akasema mazabodi imekufa, ninunue nyingine, laki moja na themanini pamoja na ufundi.

Sasa hapa ndipo nilipokasirika, na naomba mnielewe vizuri. Windows inakaa kwenye diski. Ukiwasha kompyuta, kabla diski haijaguswa, programu ndogo iliyomo kwenye mazabodi inaamka kwanza na kukagua prosesa ipo, ramu ipo, kadi ya picha ipo. Ikiridhika ndipo inakwenda kuitafuta Windows. Kompyuta yangu ilikuwa inakufa kabla ya ukaguzi huo kwisha. Kuilaumu Windows hapo ni sawa na kumlaumu abiria wa Tangi Bovu kwamba daladala haijatoka stendi Makumbusho.

Na kwenye diski ile kulikuwa na sauti ya marehemu bibi yangu. Saa nne nzima za maongezi, anasimulia utotoni mwake na ndoa yake, anacheka, anakohoa, anaagiza maji. Sikuwa nimeinakili popote. Hilo ni kosa langu, nalikubali. Lakini kijana yule alikuwa tayari kunifutia diski yote kwa ugonjwa ambao hauko kwenye diski, na asingeniuliza lolote.

Nikarudi nayo nyumbani. Jirani yetu ni mzee mmoja mstaafu, alikuwa fundi umeme maisha yake yote. Nikamwendea.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Mbona umenuna?"

Nikamweleza. Akasema yeye kompyuta hazijui, ila umeme anaujua, na katika umeme mtu haanzi kwa kununua, anaanza kwa kutoa mizigo. Toa kila kitu, acha kile ambacho bila hicho haiwaki. Kisha rudisha kimoja kimoja. "Ukirudisha viwili kwa pamoja umejidanganya mwenyewe."

Kwanza, kwa kuwa tunaishi karibu na bahari na upepo wake wa chumvi unakula hata bawaba za milango, nilizitoa ramu, nikasugua yale meno yake ya dhahabu kwa kifutio cha penseli, nikarudisha. Haikusaidia kitu, ila kifutio kilitoka cheusi! Basi nikafuata ushauri wa mzee. Nikachomoa diski, kadi ya picha na ramu moja. Ikabaki mazabodi, prosesa na ramu moja, waya wa monita nikauchomeka kwenye mazabodi yenyewe, maana prosesa yangu ina uwezo wa kutoa picha bila kadi. Nikabonyeza.

Picha ikaja! Mazabodi iliyokufa Kariakoo ilikuwa hai Mbezi Beach.

Nikarudisha ramu ya pili, ikawaka. Nikarudisha diski, ikawaka na Windows yenyewe ikafunguka (bibi yumo, nilimsikiliza dakika mbili nikafunga). Nikarudisha kadi ya picha, ugonjwa ukarudi palepale. Mimi kwa pupa nikasema kadi imeungua. Mzee akasema subiri, huenda kadi ni nzima ila hailishwi. Akaleta mita yake, akapima kwenye waya wa njano wa pawa saplai. Waya ule unatakiwa utoe volti 12, na ukipungua sana uishie 11.4. Bila kadi ulikuwa unasoma 11.9. Kadi ikiwekwa, unaporomoka hadi 10 na kidogo, halafu giza. Tukaazima pawa saplai ya jamaa yangu, tukaifunga, na kila kitu kikawaka na kadi yake ndani.

Kumbe ni pawa saplai, kitu nilichokinunua kwa bei ya kutupa kwa sababu hakionekani. Karatasi yake inasema wati 500, ila ukiibeba ni nyepesi kama boksi la viatu. (Kwa wenye mitumba: baadhi ya pawa saplai za zamani zina kiswichi chekundu nyuma, 115 na 230. Umeme wetu ni 230. Hakikisheni kabla ya kuchomeka, la sivyo mtasikia mlio. Na msiifungue ndani hata mkiwa mmechomoa, kuna kapasita zinazohifadhi umeme.)

Siwachukii mafundi. Nimelifikiria sana jambo hili na nadhani sisi wateja ndio tumewafikisha hapo. Ni nani kati yetu aliyewahi kumlipa fundi kwa kupima tu? Akikaa saa mbili akakuambia tatizo ni waya uliolegea, utampa elfu mbili ya soda na utamsema vibaya. Analipwa akibadilisha kitu au akipiga Windows, basi anabadilisha na anapiga. Kwenye malaria tulikuwa hivyohivyo, kila homa inapewa dawa ya malaria, mpaka mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani likasema kila anayehisiwa apimwe kwanza kabla ya kupewa dawa. Leo kwenye zahanati binafsi wanakutoboa kidole, unalipia kipimo na hulalamiki. Mimi napendekeza kipimo cha kompyuta kiwe na bei yake, na mteja aonyeshwe namba kwenye mita kabla ya kununua chochote.

Na tusiwacheke mafundi wa Kariakoo peke yao. Kompyuta ya kwanza nchini iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mpango wa kuendeshea hesabu za Serikali kwa kompyuta ukaenda kombo, na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Mashine ikahukumiwa, wakati waliokuja kuichambua kesi hiyo wanataja zaidi uhaba wa wataalamu. Hiyo nayo ilikuwa kupiga Windows, tena kwa nchi nzima.

Jumamosi nilipita kwa yule kijana wa kwanza, pawa saplai mbovu ikiwa kwenye mfuko. Nikamwonyesha. Akaigeuza, akaitazama, akasema, "Hata hii tungeiona, baada ya kupiga Windows."

Kadi na diski viko salama. Sauti ya bibi sasa iko sehemu tatu, mojawapo kwa mama. Mafundi mnaosoma hapa, kama nimekosea kwenye zile volti nisahihisheni.