Mwandani wa Mzazi Si Mgeni

Katika hospitali zetu nyingi za umma, mwanamke aliyeshikwa na uchungu husindikizwa na mama yake, au shangazi, au jirani mwenye imani, hata mlango wa wodi ya wazazi, na hapo, beseni na kanga zake zikiisha kupokewa, msindikizaji huamriwa akangoje kwenye benchi. Naye mja mzito huingia peke yake mahali asipomjua mtu, katika saa ambayo desturi za wazee wetu hazikuridhia mwanamke aachwe pasina mwenziwe.

Hoja itolewayo ni ufinyu wa nafasi na sitara ya wazazi wengine waliolala chumba kimoja. Siidharau, kwani muuguzi mwenye kuhudumia wazazi wengi hana haja ya kuongezewa kundi la jamaa. Walakini sitara huletwa na pazia.

Mwaka 1980 matabibu Roberto Sosa, John Kennell, Marshall Klaus na wenzao walitangaza uchunguzi walioufanya katika hospitali moja ya Guatemala, ambako baadhi ya wanawake wenye mimba ya kwanza waliachwa peke yao, kama ilivyokuwa ada ya hospitali hiyo, na wengine wakapewa mwanamke wa kukaa nao, ambaye hakuwa mkunga wala jamaa yao, bali mtu baki aliyewasugua mgongo, akawashika mkono na kusema nao kwa upole. Miongoni mwa wale ambao uzazi wao haukuingiwa na matatizo, waliokuwa na mwandani walijifungua, tangu kupokewa hospitalini, kwa wastani wa muda usiotimia saa 9, ilhali wapweke walichukua zaidi ya saa 19. Ikiwa mtu baki aliyaweza hayo, sembuse mama mzazi?

Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kila mzazi awe na mwandani amtakaye. Brazil ilikwisha kutangulia kwa sheria ya mwaka 2005, iliyozilazimisha hospitali za mfumo wake wa umma kumruhusu mwandani huyo wakati wa uchungu, wa kujifungua na mara baada yake.

Uchaguzi na uwe wa mzazi. Wako watakaomtaka mume, na wako ambao kumwona mume pale kungewazidishia haya na fadhaa; hilo si la daktari kuamua, wala, kwa hakika, si la mume. Na mganga mkuu asiye na fungu la kujenga wodi mpya aanze kwa mapazia, na kwa amri moja kwa bawabu: mtu mmoja, aliyetajwa na mzazi mwenyewe, apite.