Leopards walifunika mdomo, sisi tufungue wetu

Mwezi wa Februari 2024 ulipokuwa unaisha, kutoka Rubaya mpaka Ndjingala watu walikuwa bado wanabishana juu ya ekipe ya taifa. Leopards walitolewa na Côte d'Ivoire siku ya tarehe 7, katika nusu fainali ya CAN kule Abidjan, 1-0, goli la Sébastien Haller dakika ya 65. Tarehe 10 wakakosa pia nafasi ya tatu mbele ya Afrika ya Kusini: 0-0, kisha penalti 6-5. Mtu wa mpira atasema tumekuwa wa nne, basi. Lakini sisi wa mashimo tunajua kama jambo lenye lilitokea kule Abidjan ni kubwa kuliko nafasi ya nne. Ninataka tuliangalie pamoja, juu kila mtu ameanza kulivuta upande wake.

Tuanze na mpira wenyewe. Hii ekipe haikuanza na nguvu. Zambia 1-1, Maroko 1-1, Tanzania 0-0: mechi tatu, pointi tatu, hakuna ushindi hata moja. Wengi walikuwa wameanza kucheka. Halafu tarehe 28 Januari wakatoa Misri kwa penalti 8-7, na golikipa Lionel Mpasi njo alifunga ile ya mwisho. Wakapiga Guinea 3-1. Tangu 2015 hatukuwa tumefika nusu fainali. Katika karé, kwenye hakuna umeme, vijana walichangia mafuta ya jenereta. Kwenye hakuna televisheni, watu walizunguka redio moja. Wengine waliweka pari na pesa ya wiki nzima, na hao machozi yao yalikuwa mara mbili.

Sasa muweke ile kalenda ya mpira kando ya kalenda yetu. Tarehe 24 Januari, Tanzania 0-0. Kesho yake mabomu yaliangukia Mweso, hapa Masisi, na raia wakafa. Mwanzo wa Februari vita ilifika Shasha, na barabara ya Sake kwenda Minova ikakatika. Tarehe 7, siku ileile ya nusu fainali, watu wa Sake walikuwa njiani kwenda Goma, godoro kichwani, watoto mgongoni. Wenzetu wengi wa Masisi walingojea ile mechi katika kambi za Bulengo na Lushagala, chini ya shiti.

Na mbele ya mechi, wakati wimbo wa taifa unaimbwa, wachezaji wa Congo walifunika mdomo kwa mkono mmoja. Vidole viwili vya mkono mwingine waliviweka kwenye kichwa, kama bunduki. Hapakuhitajiwa mtu wa kutafsiri. Wanatuua, na dunia imenyamaza. Siku zilizotangulia, Cédric Bakambu alikuwa ameshaandika kwenye mtandao kama kila mtu anaona mauaji ya mashariki na kila mtu ananyamaza, na akaomba watu watie nguvu kwa jambo hili sawa vile wanaitia kwa CAN.

Tuangalie sasa namna watu walipokea ile kushindwa, juu pale njo kuna fundisho.

Jambo la kwanza lilikuwa shukrani. Kwa kawaida ekipe ikitolewa, watu wetu wanatukana kocha, wanatukana mwamuzi, wanahesabu mishahara ya wachezaji wa Ulaya. Safari hii matusi yalikuwa machache. Mama mwenye kuosha mawe, asiyejua offside ni kitu gani, alijua ule mkono juu ya mdomo. Kwa muda mrefu jina la mashariki lilikuwa linatajwa tu katika ripoti. Siku ile lilitajwa mbele ya Afrika nzima na watoto wenye wangeweza kunyamaza na kucheza mpira wao tu. Kuna watu walisema siasa isiingie uwanjani. Ninawajibu: mtu akilia msiba wa nyumbani, hafanyi siasa.

Jambo la pili lilikuwa hasira. Watu walilalamika kama picha za mabango ya wafuasi uwanjani hazikuonyeshwa sawasawa kwenye televisheni. Kisha Kinshasa ikawaka. Tarehe 10 magari ya Umoja wa Mataifa yalishambuliwa, na Jumatatu tarehe 12 vijana walichoma matairi karibu na ambasade za nchi za magharibi, wakachoma bendera ya Marekani na ya Ubelgiji. Ile hasira iko na haki yake. Lakini ninauliza kama mtu wa sendika: tairi likiisha kuungua, nani ameandika madai yetu? Nani amekaa mezani? Moshi hausomwi na mtu.

Na jibu lilikuja haraka. Tarehe 19 Februari, siku kumi na mbili nyuma ya ule mkono wa Abidjan, Umoja wa Ulaya ulitia sahihi na Rwanda juu ya madini. Serikali yetu ilipinga kwa sauti kubwa. Tusisahau kama huo Umoja wa Ulaya ulikuwa umetia sahihi na Congo pia, mwezi wa Oktoba 2023. Maana yake ni nini? Maana yake wale wakubwa waliona ule mkono, kisha wakarudia biashara. Hawakosi habari. Wanajua koltani inatoka wapi na kasiterite inatoka wapi. Chenye wanakosa ni mtu wa kuwauliza kwa namna ambayo hawawezi kuikimbia.

Jambo la tatu linanitia woga. Kuna watu wameshika ile ishara ya Leopards kuwa ruhusa ya kuangalia pua ya jirani. Hapana. Masisi ni ya Wahunde, ya Wahutu, ya Watutsi. Walikale ni ya Wanyanga na Wakumu, na wote wamepokea wageni wa kila upande juu ya mashimo. Chini ya ardhi hakuna kabila, jiwe likianguka linaangukia kila mtu. Vita iko na majina yake: M23, Rwanda yenye ripoti za wataalamu wa Umoja wa Mataifa zinaandika kama inaisaidia, na vikundi vingi vya silaha vyenye vinakula kwa jasho letu hapahapa. Jirani yako mwenye kuchimba na wewe si mmoja wao kwa sababu ya lugha ya mama yake.

Wazee watakumbuka kama si mara ya kwanza ekipe yetu kusema bila mdomo. Mwaka 1974 Leopards wa Zaïre walibeba kombe la Afrika kule Misri, kisha wakaenda Kombe la Dunia Ujerumani. Walipigwa na Scotland 2-0, na Yugoslavia 9-0, na Brazil 3-0. Dunia nzima ilicheka Mwepu Ilunga, beki mwenye alitoka katika ukuta na kupiga mpira mbali wakati Wabrazil njo walikuwa wapige ile faulo. Walisema Mwafrika hajui sheria ya mpira. Miaka nyuma yake wachezaji wenyewe walieleza: pesa waliyoahidiwa haikuwafikia, wakubwa waliila njiani, na walitiwa woga kama wasipigwe mabao mengi na Brazil. Ilunga alisema alijua sheria vizuri sana, alifanya vile kwa hasira.

Mchimbaji anaelewa hiyo hadithi bila mwalimu. Ni wafanyakazi walionyimwa mshahara wao. Lakini kila mmoja alibaki na hasira yake peke yake, hakuna aliyeisema mapema na kwa wazi, basi dunia iliona kichekesho tu. Mwaka 2024 watoto walifanya tofauti. Walikubaliana mbele. Walifanya wote kwa mara moja. Walichagua saa yenye kamera haziwezi kugeuka. Na neno lao lilikuwa moja. Nyinyi wenye mumewahi kufanya mgomo, munajua kama hizo njo sharti nne za mgomo mzuri.

Tusidanganyane lakini. Mpira unafungua mlango, hauingii nyumbani. Hao Wa-Côte d'Ivoire wenye walitutoa wanajua. Oktoba 2005, walipopata tiketi ya Kombe la Dunia kule Sudan, Didier Drogba na wenzake walipiga magoti mbele ya kamera, wakaomba wenye silaha waziweke chini. Machi 2007 pande mbili zilitia sahihi Ouagadougou, na Juni mwaka ule ekipe ilicheza Bouaké, mji wa waasi, ikapiga Madagascar 5-0. Watu walilia kwa furaha. Halafu 2010 uchaguzi ulileta vita tena, na zaidi ya watu 3000 walikufa. Magoti ya Drogba yalisaidia watu kuzungumza. Yale yenye hayakuandikwa vizuri na kulindwa, bunduki ilirudi kuyavunja.

Basi, na sisi? Wachezaji walirudi kwenye ekipe zao, na hatuwezi kuwaomba wafunike mdomo kila Jumapili. Kazi yenye kubaki ni yetu. Na mchimbaji naye amefunikwa mdomo, kila siku, bila wimbo wa taifa. Anakuja na mfuko wake peke yake mbele ya negosia, mizani si yake, bei anaambiwa tu. Njiani analipa kwenye baryeri, leo kwa huyu, kesho kwa mwingine, bila karatasi. Shimo likianguka, maiti inazikwa na kazi inaendelea, na kisha mwezi hakuna mtu anajua walikuwa wangapi. Nyuma yake mtu wa mbali anaandika kama madini yetu ni ya damu, anataka yasinunuliwe. Tulishaona hiyo: tangu Septemba 2010 mpaka Machi 2011 Leta ilifunga uchimbaji katika Kivu na Maniema. Bisie ilinyamaza, watoto wa Walikale walitoka shuleni, na wenye silaha hawakulala njaa hata siku moja.

Ninaleta mambo matatu, yote yanawezekana bila pesa nyingi.

Moja, kila karé iwe na daftari ya wafu na waliojeruhiwa: jina, siku, shimo, na aliyekuwa mkubwa wa lile shimo. Iandikwe nakala mbili, moja ikae kwa watu wenye tunawaamini, kanisani ao kwa chefu. Mwenye kusema ametuona tunauawa lazima apewe hesabu.

Mbili, tuandike baryeri. Mahali gani, siku gani, franga ngapi ao kilo ngapi, wamevaa nini. Usiandike jina lako, na usiulize maswali pale kwenye baryeri. Maisha yako ni mbele ya kila kitu. Ukifika nyumbani, andika. Mia moja ya hizo karatasi ni nguvu kuliko mia moja ya matairi, juu zinaonyesha njia ya pesa, na pesa njo inalisha vita.

Tatu, tupime pamoja. Vikundi vya watu kumi, mizani moja ya kikundi, bei moja inayosemwa kwa sauti moja. Negosia atanuna wiki ya kwanza. Akiona mashimo yote yako na neno moja, atanunua, juu naye kontwari inamngojea.

Kuna mtu atasema hayo ni madogo mbele ya vita. Ni kweli, ni madogo. Hayatasimamisha bomu. Lakini siku moja watu watakaa mezani juu ya Masisi na Walikale, iwe Nairobi, iwe Luanda, iwe mbali zaidi, na kila mmoja atafika na makaratasi yake. Mchimbaji akifika mikono mitupu, wengine watasema kwa niaba yake, kama kawaida.

Côte d'Ivoire walipigwa 4-0 na Guinée équatoriale katika kundi lao, kocha wao akaondoka katikati ya mashindano, wakapita kwa bahati. Tarehe 11 Februari njo walibeba kombe, na Haller yuleyule njo alifunga goli la mwisho. Kwa hiyo kupigwa mara moja si mwisho. Leopards watacheza tena, tutachangia tena mafuta, tutapiga tena kelele. Lakini kati ya mechi na mechi, wandugu, tafuteni daftari na kalamu. Karé zenye zimeshaanza zilete kwa sendika. Zenye hazijaanza, zianze na majina ya wafu wa ule mwezi wa Februari, mbele ya kuyasahau.