Tusimtabirie Mwanariadha kwa Mbio Moja

Miongoni mwa methali ambazo watangazaji wa michezo wa nchi hii huzipenda, hapana inayoonewa zaidi ya ile isemayo kwamba nyota njema huonekana asubuhi. Mtoto wa miaka kumi na mitano akishinda mbio katika mashindano ya shule, methali hiyo hutolewa, na kabla ya jua kutua kijana huyo ameshavishwa medali ya Olimpiki. Mimi ni mwalimu wa isimu, si kocha, na kazi yangu ni kuyatazama maneno. Hebu tuitazame methali yenyewe. Inasema kwamba nyota iliyo njema huonekana asubuhi. Haisemi kwamba kila nyota ionekanayo asubuhi ni njema. Hizo ni kauli mbili mbali kabisa. Kila ng'ombe ana miguu minne, lakini meza nayo ina miguu minne na haitoi maziwa. Isitoshe, kitenzi chenyewe kimebeba kiambishi hu-, ambacho ni cha mazoea, si cha lazima. Wahenga waliacha mlango wazi kwa nyota ya adhuhuri, na ni sisi tulioufunga.

Jambo hili lingekuwa la kupigia soga tu lau lisingegusa maisha ya watoto. Mnamo Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa Mtaala wa Umilisi waliingia Gredi ya 10, kila mmoja akiwa katika mmoja wa mikondo mitatu: ule wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, ule wa sayansi za jamii, na ule wa sanaa na sayansi ya spoti. Ndugu msomaji, uchaguzi huo hufanywa na mtoto akiwa bado katika Gredi ya 9. Tena si kila shule inayotoa mikondo yote mitatu. Mtoto anayeambiwa kwamba miguu yake ndiyo kesho yake yamkini atapelekwa shule ya mbali, na masomo atakayoyaacha hayatamngojea mlangoni. Kwa hiyo yule mwalimu wa michezo anayesema "huyu atafika" anafanya utabiri wenye gharama, na gharama hiyo hailipi yeye.

Mwaka 2025, wakati wa kuchagua mikondo, nilikuwa nyumbani Kibugu, katika miteremko ya Mlima Kenya upande wa Embu, ambako watu wanajua majani chai na kahawa kuliko wanavyojua viatu vya misumari. Mzee mmoja jirani yetu alinijia na karatasi aliyoandikiwa na mwalimu wa binti yake. Msichana huyo alikuwa ameshinda mbio za mita 1500 dhidi ya wenzake, na karatasi ilikuwa na maneno machache tu: muda aliokimbia, na pendekezo kwamba apelekwe mkondo wa spoti. "Mwalimu," akaniambia, "wewe umesoma. Niambie ukweli, mtoto huyu atafika?"

Kiswahili kina utajiri wa ajabu katika jambo hili, na inasikitisha kwamba tunautumia kama maskini. Tunacho kitenzi kutabiri, ambacho asili yake katika Kiarabu ni kufasiri ndoto. Tunacho kubashiri, ambacho asili yake ni kuleta habari njema. Na tunacho kukisia, ambacho ni cha ukoo mmoja na neno kiasi, yaani kupima. Watangazaji wetu hutabiri. Wafadhili na mawakala hubashiri, kwa kuwa habari njema ndiyo biashara yao. Wanaokisia, kwa maana ile ya kupima, ni wachache. Na sisi sote tunaitumia -ta- ya "atafika" bila kuitangulizia huenda, yamkini, wala pengine, ilhali maneno hayo yapo na hayauzwi.

Watu waliojifunza kukisia kwa kipimo ni wapenzi wa besiboli wa Marekani. Besiboli si mchezo wetu, ijapokuwa jirani zetu wa Uganda wameupenda kiasi kwamba mwaka 2012 watoto wa Lugazi walikuwa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza katika mashindano ya dunia ya besiboli ya watoto huko Pennsylvania. Ni mchezo wa subira. Mpigaji anayeupiga mpira vyema na kufika kituo cha kwanza mara tatu katika kila kumi huhesabiwa kuwa hodari, maana yake ni kwamba hodari hushindwa mara saba. Palipo na kushindwa kwingi namna hiyo, bahati hupata nafasi kubwa ya kujificha ndani ya takwimu, na ndiyo maana Wamarekani walilazimika kutafuta njia ya kuitenga bahati na kipaji. Swali lao kubwa kila mwaka ni kama letu: kijana gani atakuwa na msimu wa kuchomoza, na akichomoza, je, ataendelea kuwaka?

Njia moja ilitungwa na mtu atumiaye jina la Tom Tango, naye akaupa utabiri wake jina la kima, Marcel, akidai kwamba ni hesabu ambayo hata kima angeiweza. Chukua matokeo ya mchezaji ya misimu mitatu iliyopita. Msimu wa karibuni upe uzito wa 5, uliotangulia 4, na wa nyuma yake 3. Kisha lichanganye jibu na wastani wa ligi nzima, na kadiri mchezaji alivyocheza mara chache ndivyo wastani huo unavyopewa nguvu zaidi. Mwishowe tazama umri: aliye chini ya miaka 29 mwongezee kidogo, aliyeipita mpunguzie. Basi. Hesabu hiyo ya kima imewatoa jasho wataalamu wenye mitambo mikubwa.

Mwalimu asiseme kwamba jambo hili ni geni kwake. Katika kumpangia mwanafunzi shule ya Gredi ya 10, mtihani wa Gredi ya 9 hupewa asilimia 60, tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na ya 8 hupewa asilimia 20, na mtihani wa Gredi ya 6 asilimia 20. Yaani katika hisabati na Kiswahili tumekubali kwamba siku moja haimwelezi mtoto. Mbona basi katika riadha tunaikubali siku moja?

Tuseme msichana amekimbia mita 1500 kwa dakika 4 na sekunde 50 mwaka wa kwanza, 4:44 mwaka wa pili, na 4:29 mwaka wa tatu. Kijiji chote kinaishika hiyo 4:29 na kuanza kuhesabu kwenda mbele kutoka hapo. Hesabu ya kima inatoa takriban 4:39. Hapo bado hatujauingiza umri, na kwa mtoto anayekua umri una uzito kuliko kwa mtu mzima wa besiboli, kwa hiyo ni haki kumpunguzia sekunde kadhaa. Hata hivyo tukio la mwaka wa tatu limekwisha kuwekwa mahali pake: ni habari moja kati ya tatu. Huenda siku ile palikuwa na mpinzani aliyemvuta, upepo ulitulia, na usiku wake alilala vizuri. Mambo hayo hayarudi kwa kuamriwa.

Francis Galton, Mwingereza aliyechunguza vimo vya wazazi na watoto wao, aliliandika jambo hili mwaka 1886: watoto wa wazazi warefu mno kwa kawaida huwa warefu, lakini si sana kama wazazi wao. Kilichopita kiasi hurejea upande wa wastani. Kila mwalimu analiona darasani, lakini hulipa majina mengine. Mwanafunzi aliyepata 92 katika insha akipata 78 muhula ufuatao, tunasema amelewa sifa, na tunamkumbusha mgema na tembo. Aliyepata 31 akapewa adhabu, akapanda hadi 45, tunasema adhabu imefanya kazi. Daniel Kahneman, mwanasaikolojia aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2002, alisimulia jinsi wakufunzi wa marubani wa Israeli walivyoshikilia kwamba sifa huharibu na makaripio hujenga, kumbe walichokuwa wakikiona ni kurejea huko tu. Nashuku kwamba viboko vingi vilivyochapwa katika shule zetu zamani vilipata sifa yake kwa njia hiyo hiyo.

Tazama sasa wanariadha wetu wenyewe. Mwaka 2008 Pamela Jelimo, akiwa na miaka 18, alikuwa mwanamke wa kwanza wa Kenya kutwaa dhahabu ya Olimpiki, akishinda mita 800 mjini Beijing kwa dakika 1:54.87. Siku chache baadaye akakimbia 1:54.01 mjini Zürich. Ulikuwa msimu wa kuchomoza ambao mfano wake ni nadra, na watu wakaanza kukisia ni lini atavunja rekodi ya dunia ya mwaka 1983. Mwaka uliofuata, katika mashindano ya dunia ya Berlin, hakufika fainali. Alirudi kutwaa ubingwa wa dunia wa ukumbini mjini Istanbul mwaka 2012, lakini 1:54 hakuiona tena. Waliomlaumu walikuwa wengi, na lawama nyingine zilikuwa za aibu. Ukweli ni kwamba msimu kama ule wa 2008 hata yeye asingetakiwa kuurudia kila mwaka. Hakuna aliyewahi kukimbia hivyo na akaahidi kuendelea.

Kwa upande wa pili yuko Eliud Kipchoge. Mwaka 2003 mjini Paris, akiwa na miaka 18, aliwashinda Hicham El Guerrouj na Kenenisa Bekele katika mita 5000. Nyota ya asubuhi, bila shaka. Lakini mwaka 2012 alikosa nafasi katika timu ya Olimpiki ya London, na mtu aliyekuwa na kalamu siku hiyo angeandika kwamba jua lake limetua. Mwaka uliofuata alihamia marathoni. Rekodi zake za dunia za mjini Berlin, 2:01:39 na 2:01:09, ni za mwaka 2018 na 2022. Na Ferdinand Omanyala, aliyekimbia mita 100 kwa sekunde 9.77 uwanjani Kasarani mwaka 2021, alikuwa mchezaji wa raga kwanza; asubuhi yake ilipita watu wakitazama kwingine.

Nao mchezo wa besiboli una Gift Ngoepe wa Afrika Kusini. Alisajiliwa na timu ya Pittsburgh mwaka 2008, akasota katika ligi ndogo karibu miaka tisa, na tarehe 26 Aprili 2017 akawa mzaliwa wa kwanza wa Afrika kucheza katika ligi kuu. Mara ya kwanza kabisa aliposhika gongo aliupiga mpira na kufika kituo. Angehukumiwa kwa mpigo huo, angekuwa bora kuliko wote waliowahi kucheza. Alicheza michezo 28 mwaka huo, na michache mwaka uliofuata mjini Toronto. Sioni haya yoyote katika hadithi hiyo. Ni kazi ya heshima, na ndivyo kazi nyingi za wanamichezo zilivyo.

Nate Silver, aliyetoa mtambo wake wa kutabiri uitwao PECOTA mwaka 2003, alifanya jambo ambalo ningependa walimu waliige. Hakutoa tarakimu moja. Kwa kila mchezaji alitoa ngazi nzima, kutoka hali mbaya hadi hali njema kabisa, na kando yake akaandika uwezekano wa kuchomoza pamoja na uwezekano wa kuporomoka. Viwili hivyo viliwekwa katika ukurasa mmoja. Mzazi wa Kibugu aliletewa cha kwanza tu.

Kuna utabiri mwingine unaoniudhi zaidi, nao ni ule usiotamkwa. Kwamba mwanariadha hutoka Bonde la Ufa, na mtoto wa Embu akikimbia vizuri ni ajali. Utabiri wa namna hiyo hujitimiza wenyewe: makocha hawaji, kwa hiyo mtoto hakimbii na walio bora, kwa hiyo muda wake haushuki, kwa hiyo makocha walikuwa na haki ya kutokuja. Roger Barnsley, mwanasaikolojia wa Kanada, alionyesha mwaka 1985 kwamba wachezaji wa hoki ya barafu waliozaliwa miezi ya mwanzo wa mwaka walikuwa wengi kupita kiasi katika timu bora, kwa sababu utotoni walikuwa wakubwa kidogo kuliko wenzao wa kundi moja la umri, wakachaguliwa, wakafunzwa zaidi. Tukiwachagua watoto wetu kwa ukubwa wa mwili katika Gredi ya 7, tutapata wale waliobalehe mapema, na tutawaita wenye vipaji.

Yule mzee nilimwambia kwamba huenda atafika, na kwamba huenda hiyo si adabu ya msomi anayekwepa swali. Nilimshauri aulize mambo mawili: muda wa binti yake wa miaka miwili iliyotangulia, na kama iko shule yenye mkondo wa sayansi ambayo pia ina uwanja na mwalimu wa riadha. La pili lilipata jibu. La kwanza halikupata, kwa kuwa hakuna aliyeandika.

Hapo ndipo ninapotaka walimu wa michezo waanzie, na haihitaji bajeti ya serikali: daftari la kurasa mia. Jina la mtoto, tarehe ya kuzaliwa, kimo, umbali, muda, hali ya uwanja, na nani alikuwa wa pili na kwa sekunde ngapi. Wanafunzi wa hisabati wa Gredi ya 9 wanaweza kuzifanya hesabu za Marcel kama zoezi. Na mtoto akihamia shule nyingine, ukurasa wake unakiliwe na kutumwa pamoja na ripoti zake za masomo, kwa maana leo muda wake hubaki katika simu ya mwalimu aliyemwacha, na simu hiyo ikiibiwa matatuni, miaka mitatu ya mtoto imekwenda nayo.