Ulaya Inayojishtaki, na Sisi Tusioitazama

Ulaya zinazofika Kolo ni mbili. Ya kwanza huja kupitia king'amuzi. Mwisho wa wiki, katika vibanda umiza vya kandokando ya barabara kuu, vijana hulipa kiingilio watazame Ligi Kuu ya Uingereza, na wakitoka huwa wanawajua mabeki wa Manchester kuliko wanavyowajua madiwani wao. Ya pili huja kwa gari la watalii: hushuka, hupanda kilima kwenda kuiona michoro ya miambani ambayo UNESCO iliiorodhesha kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2006, hupiga picha, huondoka kabla jua halijazama. Ulaya zote mbili ni tajiri. Hazina mzee aliyenyimwa stahili zake dirishani, wala mama anayelala njaa ili watoto wapate kula.

Iko Ulaya ya tatu, nayo haifiki. Ni Ulaya inayojishtaki yenyewe katika filamu na tamthiliya zake bora, ikiwataja watendaji wake, ofisi zake na dhambi zake za ukoloni. Hoja yangu ni kwamba kuikosa Ulaya hiyo si hasara ya starehe. Ni hasara ya kisiasa. Mwananchi asiyejua kwamba Mzungu naye huonewa na serikali yake atadhani kuonewa ni sehemu ya umaskini wake, au ya rangi yake, na hatadai chochote.

Tukumbuke sinema ilivyotufikia. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Waingereza waliendesha mradi wa majaribio wa sinema ya elimu kwa Waafrika chini ya Meja Notcutt. Filamu zilitengenezwa, zikapakiwa kwenye lori, zikazungushwa kutoka kijiji hadi kijiji. Moja ilihusu kodi. Nyingine ilihusu Benki ya Akiba ya Posta: anayefukia fedha zake ardhini huibiwa, anayeziweka posta husalimika. Ujumbe ulikuwa mwepesi: iamini ofisi, nayo itakulinda.

Mwaka 1946 ikaja filamu ya Kiingereza iitwayo Men of Two Worlds, iliyoongozwa na Thorold Dickinson, na kisa chake kimewekwa Tanganyika. Humo serikali ya kikoloni ndiyo akili na mganga wa kijiji ndiye giza. Hapa Kolo, ambako Mungomi bado ni mahali pa matambiko, hatuhitaji kuelezwa jinsi mgawanyo huo ulivyo wa kitoto. Kisha mwaka 1951 ikatoka The African Queen, kisa cha Vita Kuu ya Kwanza katika Afrika Mashariki ya Wajerumani. Waafrika wanaonekana mwanzoni, kijiji chao kinachomwa moto, halafu wanatoweka ili Wazungu wawili wapate nafasi ya kupendana mtoni. Vita hivyohivyo vilipiganwa Kondoa Irangi mwezi Mei 1916, mwendo mfupi kutoka hapa. Wapagazi waliokufa katika vita hivyo ni makumi ya maelfu. Filamu haikuwa na nafasi yao.

Kwa hiyo ninapopendekeza filamu za Ulaya, msomaji asinielewe kwamba nampeleka shuleni kwa mkoloni. Nampeleka mahakamani, akasikilize ushahidi.

Aanze na Mr Bates vs The Post Office, tamthiliya ya sehemu nne iliyooneshwa Uingereza Januari 2024. Kisa chake ni cha kweli. Kuanzia mwaka 1999 Posta ya Uingereza iliwafungia mawakala wake mfumo wa kompyuta uitwao Horizon, uliotengenezwa na kampuni ya Fujitsu. Mfumo ulianza kuonesha upungufu wa fedha ambao haukuwapo. Posta ikasema mfumo haukosei, mawakala ndio wezi. Watu zaidi ya 900 walitiwa hatiani. Wengine walifungwa, wengine walifilisika, wengine walikufa kabla majina yao hayajasafishwa. Wakala mmoja, Alan Bates, aligoma kukubali, akawatafuta wenzake mmoja baada ya mwingine, nao wakaishinda Posta Mahakama Kuu mwaka 2019. Hata hivyo, mambo yalijikokota mpaka tamthiliya ilipooneshwa. Taifa zima likakasirika, na kufikia Mei 2024 Bunge lilikuwa limepitisha sheria ya kufuta hatia hizo.

Tafakari. Ilikuwa kwa jina la dola hiyohiyo ya Uingereza kwamba lori la sinema lilitufundisha kuiamini posta. Karibu miaka 90 baadaye, sinema yao wenyewe inawaonesha posta ikiwafunga watu wasio na kosa. Nasi ndio kwanza tumeingia katika zama za mifumo. Nani kati yetu hajaambiwa dirishani kwamba "mfumo umekataa"? Mtumishi wa umma anayelitamka neno hilo kwa wepesi anapaswa kuitazama tamthiliya hii, kwa sababu ndani yake kuna watumishi wengi wa namna yake: si wakatili, si wala rushwa, ni watu waliochagua kuiamini skrini kuliko binadamu aliyesimama mbele yao.

Ya pili ni I, Daniel Blake ya Ken Loach, iliyopata tuzo kuu ya tamasha la Cannes mwaka 2016. Seremala wa Newcastle ameugua moyo. Daktari anamkataza kufanya kazi. Ofisi ya ustawi inasema anaweza, hivyo haina cha kumpa. Anaambiwa ajaze fomu kwenye intaneti, naye hajawahi kushika kompyuta. Anaishiaje, sitasema. Nitasema tu kwamba sehemu kubwa ya fedha za filamu hiyo ilipitia taasisi za umma, ikiwemo BBC. Yaani mali ya umma ililipia filamu inayoishtaki serikali iliyokuwa madarakani, na dola haikuanguka. Wanaotuambia kwamba ukosoaji wa namna hiyo unahatarisha amani watueleze kwa nini Uingereza ilibaki na amani yake.

Ya tatu ni ya zamani na haina rangi: Bicycle Thieves ya Vittorio De Sica, Italia, mwaka 1948. Roma imetoka vitani na kazi hakuna. Baba anapata kibarua cha kubandika matangazo kwa sharti la kuwa na baiskeli. Mkewe anaweka rehani mashuka ya kitandani ili baiskeli ikombolewe. Siku ya kwanza kazini, inaibwa. Filamu nzima ni baba na mwanawe wakiitafuta. Mhusika mkuu aliigizwa na mfanyakazi wa kiwandani ambaye hakuwa mwigizaji. Kijana wa bodaboda wa Kolo anayeendesha pikipiki ya mkataba hahitaji mhadhara wangu ili aielewe filamu hii. Akiibiwa pikipiki leo, deni halimsubiri. Ataielewa kuliko profesa.

Kwa watumishi wa umma naongeza mbili kwa haraka. Yes Minister, ya BBC kati ya mwaka 1980 na 1984, inamwonesha katibu mkuu anayejua kurefusha sentensi mpaka uamuzi unakufa ndani yake. Atakayecheka sana ajiulize anamcheka nani. Borgen, ya Denmark, ilianza mwaka 2010 ikiwa na waziri mkuu mwanamke, mwaka mmoja kabla Denmark yenyewe haijampata wa kwanza. Haiulizi kama mwanamke anaweza kutawala. Inauliza madaraka humnyang'anya nini yeyote anayeyashika.

Ya mwisho inatuhusu kwa damu. The Empty Grave ilioneshwa kwa mara ya kwanza katika tamasha la Berlin mwaka 2024. Ni filamu ya makala iliyoongozwa na wanawake wawili, Mjerumani Agnes Lisa Wegner na Mtanzania Cece Mlay. Inafuata familia za Kitanzania zinazotafuta mabaki ya wazee wao yaliyochukuliwa na Wajerumani, ukiwemo ukoo wa Nduna Songea Mbano aliyenyongwa mwaka 1906 wakati wa Maji Maji. Rais Steinmeier wa Ujerumani alikwenda Songea tarehe 1 Novemba 2023 akaomba msamaha. Msamaha ni neno. Fuvu ni kitu, na ukoo unataka kitu hicho kirudi kizikwe.

Najua majibu yatakayokuja. Wa kwanza watasema filamu za Ulaya zinaharibu maadili. Nawajibu kwamba mlango wa maadili hayo uko wazi siku zote kwa filamu za mapigano za Marekani na tamthiliya za mapenzi za Uturuki na Ufilipino. Sijasikia wakililia maadili mtu akiuawa kila dakika tano. Wanachokiogopa ni mfano mbaya wa raia anayeuliza maswali.

Wa pili watasema tutazame zetu kwanza. Hao nawaheshimu. Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, ni fahari yetu na kila mwanafunzi aitazame. Lakini fundi hujifunza pia kwa kuangalia kazi ya fundi mwingine. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Tena tuna deni la kujibu. Mwaka 2004 Hubert Sauper wa Austria alitoa Darwin's Nightmare, filamu kuhusu sangara wa Ziwa Viktoria jijini Mwanza. Ina kasoro: inadokeza biashara ya silaha kupitia ndege za samaki bila kuithibitisha vya kutosha. Mwaka 2006 Rais Kikwete aliilaani hadharani kwamba imelichafua taifa. Haki yake kuilaani. Lakini minofu ilikuwa inasafirishwa Ulaya kweli, na wenyeji walikuwa wanakula vichwa na mifupa kweli. Jibu la filamu ni filamu. Sisi tulijibu kwa hotuba na maandamano, na mpaka leo dunia inayo filamu ya Sauper, haina yetu.

Tufanye nini basi? Tatizo kubwa ni lugha. China ililiona hilo mapema: mwaka 2011 tamthiliya ya Kichina ya Doudou na mama wakwe zake ilioneshwa TBC ikizungumza Kiswahili, na kina mama wa nchi hii wakamjua Doudou kwa jina. Balozi za Ulaya huandaa maonesho ya filamu Dar es Salaam, na aliye Kolo hayamfikii. Wakati huohuo tunasherehekea Siku ya Kiswahili Duniani kila tarehe 7 Julai, tukijisifu kwa lugha ambayo hatujaipa kazi.

Nadai mambo matatu. Idara za Kiswahili na tafsiri katika vyuo vyetu ziwape wanafunzi kazi ya kutafsiri mazungumzo ya filamu hizi kama sehemu ya masomo yao, badala ya kuwarundikia tasnifu zinazoozea maktabani. TBC, inayoendeshwa kwa kodi zetu, inunue haki za kuzionesha angalau moja kila mwezi kwa Kiswahili, katika saa ambazo watu wako macho. Na Bodi ya Filamu iwarahisishie walimu na vikundi vya vijana vibali vya maonesho ya vijijini yasiyo ya biashara. Sheria ya mwaka 1976 ilitungwa kabla Tanzania Bara haijapata hata televisheni. Haipaswi kuwa kufuli la mlango wa darasa.

Nanyi wanaharakati msisubiri. Vibanda vipo, skrini zipo, umeme upo. Miaka mingi wasimuliaji wa vibandani, Lufufu akiwa maarufu wao, waliwatafsiria watu filamu za kigeni kwa sauti zao wenyewe, bila shahada wala ruzuku. Waliweza kuifanya Hong Kong izungumze Kiswahili. Wakala wa posta wa Uingereza aliyefungwa kwa kosa la kompyuta, na seremala wa Newcastle asiyejua kujaza fomu, hawashindikani kusimuliwa kwa mkulima wa alizeti wa Kolo anayezungushwa wiki ya tatu kwa karatasi moja. Akiwajua watu hao, siku atakayoambiwa mfumo umekataa hatarudi nyumbani kimya. Atauliza nani aliuagiza mfumo, nani anaukagua, na rufaa inakatwa wapi.