DAWA IKIISHA KUPIMWA, ITUFIKIE



Watu wa ufuko huu si wageni wa utafiti. Tangu mwaka 2009 watoto wa Siaya na Kombewa walikuwa miongoni mwa watoto wa Afrika waliojaribiwa chanjo ya malaria iitwayo RTS,S. Wazazi waliombwa, wakakubali. Mwezi wa Septemba 2019 chanjo hiyo hiyo ilizinduliwa Homa Bay, ng'ambo ya feri yetu. Hivyo ndivyo itakiwavyo: waliojitolea kujaribiwa, na wapate faida yake.

Leo twasema juu ya saratani mbili: ya tezi dume, ambayo huwapata wanaume wa Kenya kuliko saratani nyingine yo yote, na ya mapafu. Mara nyingi hugunduliwa zimekwisha enea. Wengi hudhani hapo kazi ya daktari imekwisha. Si kweli.

Huko Uingereza na Uswisi, wanaume 1,917 wenye saratani kali ya tezi dume walikubali kugawanywa mafungu mawili kwa kura. Fungu la kwanza lilipewa matibabu ya kawaida ya kuzuia homoni ya kiume. La pili likapewa matibabu hayo pamoja na vidonge vya abiraterone. Matokeo yalitangazwa mwaka 2017. Baada ya miaka mitatu, katika kila wagonjwa 100 wa fungu la kwanza 76 walikuwa hai. Wa fungu la pili, 83. Hao saba ni akina baba saba waliobaki na watoto wao.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliingiza abiraterone katika orodha yake ya dawa za lazima. Liliingiza pia erlotinib, vidonge vya aina fulani ya saratani ya mapafu, inayotambulika kwa kupima kipande cha uvimbe. Lakini orodha si dawa. Mvuvi au mchukuzi wa Luanda Kotieno hawezi kumeza karatasi.

Kwa hiyo twadai mambo mawili. Kwanza, dawa hizo na vipimo vyake vipatikane katika hospitali za serikali za kanda ya ziwa, kwa bei ambayo bima ya mfanya kazi yaweza kuilipa. Pili, utafiti wa dawa za namna hii ufanywe huku pia, kwa maana wanaume wa asili ya Afrika wamo hatarini zaidi kwa saratani ya tezi dume. Anayeombwa kushiriki aelezwe yote kwa lugha aijuayo, naye awe na hiari ya kukataa au kujitoa, kama litakavyo Azimio la Helsinki la mwaka 1964.

La tatu ni juu yetu wenyewe. Mwanachama mwenye shida ya kukojoa, maumivu ya mgongo yasiyokwisha, kikohozi cha muda mrefu au makohozi yenye damu, asingoje wala asione haya. Aende akapimwe. Na sigara tuziache.

Mshahara twaudai kwa umoja. Uhai nao tuudai kwa umoja.