Lami inaingia, undugu wa bodaboda unatoka? Tuitazame Kasulu na Kibondo



Waliowahi kusafiri kati ya Kibondo na Kasulu enzi za vumbi watanielewa haraka. Safari ile ilikuwa adhabu. Kiangazi unashuka ukiwa mwekundu kuanzia nywele hadi soksi. Masika unafika ukijaliwa. Na kwa miaka mingi baada ya wakimbizi wa Burundi kumiminika mwaka 1993, njia ile ilikuwa na majambazi. Mabasi yalisindikizwa na askari wenye bunduki.

Mwenye pikipiki hakuwa na askari wa kumsindikiza. Alikuwa na mwenye pikipiki mwenzake, basi.

Ndipo ikazaliwa sheria ambayo hakuna bunge lililoipitisha: ukimkuta mwenzako kasimama porini, nawe simama. Usiulize anatoka kijiwe gani. Awe padri na Honda yake, bwana shamba, mfanyakazi wa shirika la wakimbizi, au kijana wa kijijini na SanLG iliyobeba magunia mawili ya maharage, simama. "Vipi kaka, pancha?" Unatoa pampu, unatoa kiraka, unamgawia petroli kwenye chupa ya maji. Kesho ni zamu yako.

Leo mambo yamebadilika. Kwanza Kidahwe hadi Kasulu ikawa lami. Kisha ukaja mradi mkubwa wa Kabingo–Kasulu–Manyovu, kilomita 260 na ushee, kwa fedha za serikali na za Benki ya Maendeleo ya Afrika. Lami imekuwa ikisogea kipande kwa kipande kupitia Kanyani, Mvugwe na Nduta. Watu wa Kigoma waliililia barabara hii kwa miongo, na mimi si wa kulalamika kwamba inajengwa.

Ila kuna kitu nakiona na sisikii kikisemwa. Barabara mbovu iliwafanya hawa vijana kuwa ndugu. Barabara nzuri inawafanya washindani, na hakuna aliyekaa nao kuwaandaa.

TUWAJUE WAHUSIKA

Ukiwa Dar unaweza kudhani bodaboda wote ni kitu kimoja. Njoo Kasulu ukae kijiweni nusu saa.

Kuna wa mjini. Huyu ana Boxer au TVS inayong'aa, kofia ngumu ananing'iniza kwenye kioo, anapiga tripu fupi za buku, buku jero. Anajua kila nyumba ya wageni na kila ofisi.

Kuna wa kijijini, anayeshuka na mzigo. Mikungu ya ndizi, maharage, udaga, mabati ya mtu anayejenga, mgonjwa wa kupeleka hospitali. Shokapu zake zimefungwa mpira wa ndani wa tairi ili zihimili. Wa mjini humwita "fuso". Yeye naye huwaita wa mjini "wauza sura". Utani huo unaanza asubuhi na unaisha jioni.

Kuna wa mpakani, wa Mabamba upande wa Kibondo na Manyovu kule Buhigwe, wilaya iliyomegwa kutoka Kasulu. Hawa wanaishi kwa mwendo wa soko la Burundi. Mafuta yanapoadimika ng'ambo, kama ilivyokuwa mara nyingi miaka ya karibuni, biashara yao hubadilika ndani ya siku moja, na wengine hujiingiza kwenye magendo. Wenzao huwaonea wivu kwa fedha na kuwahurumia kwa kesi.

Kuna watu wa ofisi. Waratibu elimu kata walipewa pikipiki na serikali mwaka 2018. Maafisa ugani nao wakagawiwa kwa maelfu nchi nzima kuanzia 2022. Kijiweni wanasema pikipiki ya serikali haijui bei ya mafuta. Na wakati mwingine ofisa huyo huyo humpakia jirani kwa "hela ya maji", yaani anamnyang'anya mwenye leseni ya biashara abiria wake. Hiyo ni ishu kubwa kuliko inavyoonekana.

Na sasa ameingia bajaji. Huyu ndiye adui mpya, maana lami ndiyo iliyomleta. Barabara ya mawe na makorongo ilikuwa inamlinda bodaboda bila yeye kujua.

HESABU INAKATAA

Tuongee fedha, maana undugu hauli majani.

Mwaka 2015, baada ya machafuko yaliyoanza Aprili kule Burundi, Nyarugusu ilifurika. Oktoba mwaka huo Nduta ikafunguliwa tena, na Januari 2016 Mtendeli kule Kakonko. Mashirika yakaja, wafanyakazi wakaja, wafanyabiashara wakaja. Kijana aliyekuwa na pikipiki Kibondo au Makere miaka ile alikuwa na kazi kila siku. Wengi walioingia kwenye bodaboda waliingia kwa sababu ya kuona neema ile.

Kisha upepo ukageuka. Septemba 2017 Warundi wakaanza kurejeshwa kwao. Mtendeli ikafungwa mwaka 2021. Mwaka 2025 Marekani ilipokata misaada yake, mashirika yakapunguza watu tena. Abiria wa kambini wakapungua, lakini pikipiki haikurudi dukani. Ilirudi kijiweni, Kasulu na Kibondo mjini, kugombea buku ile ile.

Hapo ongeza lami. Zamani mtu wa Busunzu mwenye haraka ya kwenda mjini alichukua pikipiki kwa bei nzuri, maana gari la siku lilikuwa moja na limejaa. Lami ikipita, Noah na Hiace zinafuata nyuma yake. Safari ndefu, ambayo ndiyo iliyokuwa nyama ya bodaboda, inakwenda kwenye gari. Yeye anabaki na mchuzi.

Halafu kuna jambo ambalo abiria wengi hatulijui. Vijana wengi pale kijiweni pikipiki si zao. Ni za matajiri: mwalimu, mfanyabiashara, mtumishi, mara nyingine afande mwenyewe. Kuna wa "hesabu", anayepeleka kiasi fulani kila siku milele. Kuna wa "mkataba", anayelipa hadi pikipiki iwe yake. Na kuna "deiwaka", anayepewa funguo wakati mwenye zamu amelala.

Piga hesabu mwenyewe. Shilingi 8,000 kwa siku, siku sita kwa wiki, kwa mwaka ni karibu milioni 2.5. Hapo hujatoa mafuta, oili, tairi, wala chakula. Mvua ikinyesha kutwa, tajiri bado anataka yake. Kijana akikosa siku tatu mfululizo, funguo zinachukuliwa na alicholipa miezi minane kinaweza kuyeyuka, maana mkataba wenyewe uliandikwa kwenye karatasi ya daftari au haukuandikwa kabisa.

Sasa unaelewa kwa nini anakimbia. Unaelewa kwa nini anapiga mshikaki, abiria wawili watatu kwa mpigo. Na unaelewa kwa nini haangalii nyuma akimpita mwenzake aliyesimama na pancha. Moyo wake ni ule ule. Kinachomfukuza ni saa kumi na mbili jioni, muda wa kupeleka hesabu.

Huyu wa hesabu akimchukia wa kijijini aliyeshusha abiria kwenye kijiwe chake, anamchukia mtu ambaye naye anadaiwa hesabu na tajiri mwingine. Masikini wawili wanagombana, na mwenye pikipiki mbili zote amekaa nyumbani anasubiri fedha. Hapo ndipo penye kiini cha hii vita, wadau, na si kwenye Boxer na TVS.

SIKU YA AJALI

Lakini msikimbilie kusema undugu umekufa. Subirini siku ya ajali.

Niliwahi kuwa kijiweni Kasulu jioni moja ilipoingia simu kwamba mwenzao amegongwa na gari njia ya Makere. Sekunde chache kabla walikuwa wanarushiana maneno juu ya abiria. Ghafla hakuna wa mjini wala wa kijijini. Injini zikawaka kwa pamoja. Mmoja akavua kofia na kuipitisha, watu wakatumbukiza noti za jero na buku, kofia ikajaa. Mama ntilie wa pale aliyekuwa anawadai naye akatoa. Wengine walikwenda hospitali kutoa damu. Aliyekuwa anatukanwa dakika tano zilizopita ndiye aliyempakia mke wa majeruhi, bure.

Nani mwingine angemfanyia vile? Bima ya lazima ni ya mtu wa tatu. Inamwangalia aliyegongwa na wewe, lakini wewe dereva uliyevunjika mguu haikuhusu. Tajiri naye atauliza kwanza pikipiki imeharibika kiasi gani. Bima ya kijana huyu ni kofia iliyopitishwa kijiweni.

Tuseme na upande wa pili, tusipambe. Undugu huo huo una uso mbaya. Gari likimgusa mwenzao, kabla haijajulikana nani mwenye kosa, wanalizingira. Dereva hapigi hatua. Tumeona nchi nzima magari yakivunjwa vioo na watu wakipigwa kwa sababu tu waligongana na bodaboda. Huo ni umoja, ndiyo, lakini ni umoja wa hasira. Mtu asiye na bima, asiye na mwanasheria na asiyeamini kituo cha polisi hujitafutia haki kwa mawe. Sihalalishi. Nasema inatoka wapi.

Na wanasiasa wanaujua umoja huu vizuri kuliko sisi. Kila uchaguzi petroli hutoka, misafara ya pikipiki hupiga honi mji mzima. Kigoma ni mkoa wenye siasa za moto. Mwaka 2010 NCCR-Mageuzi ilizoa majimbo manne huku, yakiwemo Kasulu Mjini na Muhambwe, ambayo ndiyo Kibondo. Chama chochote kinachotaka mitaa kinaanza na kijiwe. Kampeni ikiisha, tenki limekauka na kijana amerudi kwenye hesabu ya tajiri.

TUFANYE NINI?

Serikali haijakaa kimya kabisa. Mwaka 2021 faini ya bodaboda na bajaji ilishushwa kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000 kwa kosa, na hilo lilikuwa nafuu ya kweli. Kuna pia mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri kwa vikundi vya wanawake, vijana na wenye ulemavu. Ulisitishwa Aprili 2023 kwa sababu ya fedha kupotelea kwenye vikundi hewa, ukarejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya.

Hapa nina ushauri kwa halmashauri za Kasulu na Kibondo. Vikundi hewa vinatokea watu wanapokusanywa siku ya kujaza fomu. Kijiwe hakihitaji kukusanywa. Kipo tayari, kina mwenyekiti, kina mweka hazina wa msiba, wanajuana mpaka majina ya watoto. Anayekula fedha ya kijiwe anajulikana kabla ya jua kuzama. Kopesha kijiwe, si watu waliokutana jana. Pikipiki ikiwa ya kijana mwenyewe, ile saa kumi na mbili ya hesabu inaondoka, na nusu ya mwendo kasi inaondoka nayo.

Pili, mikataba na matajiri iandikwe na ishuhudiwe na ofisi ya mtendaji. Kama mtu anaandikishana kwa shamba la muhogo, anashindwaje kwa milioni mbili na nusu?

Tatu, ile kofia inayopitishwa siku ya ajali ipitishwe kabla ya ajali. Mia tano kila siku kwa kila mwanachama, bajaji na wa kijijini wakiwemo. Bajaji naye anaanguka, msimtenge.

Ila tahadhari. Tusiwalazimishe kutoka juu. Majirani zetu Rwanda waliwaingiza madereva kwenye vyama vya ushirika, wakaweka nidhamu ya kofia ngumu hadi kwa abiria, na hilo tuwasifu. Lakini Januari 2022 madereva wa Kigali waligoma, wakilalamikia mita za lazima na gharama ya bima. Umoja ukigeuka kuwa daftari la makato, vijana wanaukimbia. Burundi nao, Machi 2022, waliamua kuziondoa pikipiki katikati ya Bujumbura. Kufukuza ni rahisi. Swali la wale vijana wanakula nini linabaki pale pale.

Lami ni nzuri, jamani. Mjamzito wa Nyakitonto atafika hospitali haraka, na maharage yatafika sokoni kwa bei. Lakini ile sheria ya porini, ukimkuta mwenzako kasimama nawe simama, ilijengwa na shida. Shida ikiondoka, sheria nayo itaondoka, isipokuwa tuiwekee msingi mwingine. Kwenye lami mtu anapita kwa kilomita 80 kwa saa, na aliyeanguka pembeni anaonekana kama kichaka.

Wadau mnaotoka Buha, mlio nyumbani na mlio mbali, nirekebisheni nilipokosea. Na wewe uliye kijiweni unasoma haya kwenye simu ukisubiri abiria, tuambie: mara ya mwisho umesimama kwa ajili ya mwenzako ilikuwa lini?

Nawasilisha.