Namba ya Kipuri: Jina au Kauli? Hoja Kuhusu Misimbo ya Diodi za Nuru

1.0 Utangulizi

Katika mijadala ya istilahi za sayansi na ufundi, misimbo ambayo watengenezaji huvipa vipuri vyao huachwa kando kwa sababu moja tu: hudhaniwa kuwa si lugha. Msururu kama LXML-PWC1-0100 huchukuliwa kuwa jina tupu, mithili ya namba ya gari, ambalo fundi hulinakili jinsi lilivyo na mwanaisimu hana haja nalo. Makala haya yanapinga dhana hiyo. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba namba ya diodi ya nuru yenye nguvu kubwa, yaani kile kipuri kitoacho mwanga ndani ya taa zijulikanazo madukani kama taa za LED, si jina bali ni kauli. Ina sarufi, ina masharti, na yaweza kufasiriwa visivyo. Anayeisoma kama jina hununua kisichomfaa, na anayeifundisha kama jina hufundisha kukariri.

Ni kweli kwamba ishara ya lugha ni ya nasibu, kama ilivyoelezwa katika mihadhara ya Ferdinand de Saussure iliyochapishwa mwaka 1916. Lakini mihadhara hiyohiyo ilikiri kwamba unasibu una viwango. Katika Kiswahili, neno "ishirini" halijielezi, ilhali "kumi na tisa" hujieleza kwa yeyote ajuaye "kumi" na "tisa". Namba ya kipuri imo katika kundi hili la pili. Herufi zake, moja moja, ni za nasibu; mpangilio wake si wa nasibu.

2.0 Nafasi na Maana

Msimbo uliotajwa hapo juu ni wa diodi za LUXEON Rebel, zilizotolewa na kampuni ya Lumileds mwaka 2007. Sehemu ya LXML hutambulisha ukoo wa kipuri. Herufi P huonyesha namna nuru inavyosambaa: huwa kali zaidi mbele na kufifia taratibu kuelekea pembeni, mtawanyo ambao wanafizikia huuita wa Lambert. W ni rangi nyeupe. C hubainisha aina ya weupe huo, kwamba ni weupe baridi. Tarakimu 1 hutaja mkondo wa umeme uliotumika katika upimaji, ambao ni miliampea 350. Tarakimu nne za mwisho hutaja kima cha chini cha nuru, lumeni 100.

Iwapo weupe ni wa vuguvugu, msimbo huanza LXML-PWW1. Hapo W mbili zimefuatana, nazo hazina maana moja: ya kwanza ni "nyeupe", ya pili ni "vuguvugu". Msomaji wa Kiswahili hapaswi kushangazwa na jambo hili. Katika "kukuona", ku- ya kwanza ni ya kitenzi-jina na ya pili ni ya mtendwa, na hakuna mzawa wa lugha anayezichanganya. Kinachozitenganisha ni nafasi, wala si umbo. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya kusoma msimbo ni ileile ya kuchanganua kitenzi: tambua nafasi kwanza, kisha ndipo uulize maana ya herufi.

Diodi za rangi halisi, kama vile bluu, hazina aina ndogo za rangi kwa namna ile weupe ulivyo nazo. Hata hivyo nafasi yake haifutwi. Hujazwa sifuri, kama katika LXML-PB01. Sifuri hiyo si pengo. Hutaarifu kwamba hapo hapana cha kutajwa, kama mofu kapa inavyofanya katika uchanganuzi wa maneno.

3.0 Upatanisho wa Kipimo

Jambo la ndani zaidi hudhihirika pale namba mbili zinapolinganishwa. LXML-PB01-0040 ni diodi ya bluu, na LXML-PR01-0500 ni ya bluu ya kifalme. Asiyejua sarufi ya misimbo hii ataona 40 na 500, naye atahitimisha kwamba ya pili ina nuru zaidi ya mara kumi na mbili ya ile ya kwanza. Hitimisho hilo ni kosa. Katika namba ya kwanza tarakimu za mwisho ni lumeni. Katika ya pili ni miliwati.

Sababu yake ni ya kimaumbile. Lumeni hupima nuru kwa kadiri jicho la binadamu linavyoihisi, na jicho huhisi kwa udhaifu sana mawimbi mafupi ya bluu ya kifalme, yaliyo karibu na nanomita 450. Nguvu nyingi ya mnururisho huonekana kuwa haba ikipimwa kwa lumeni, na ndiyo maana mtengenezaji huitaja kwa miliwati. Kipimo chenyewe hakikuandikwa katika msimbo. Huamuliwa na herufi ya rangi iliyotangulia, kama vile ngeli ya nomino inavyoamua viambishi vya maneno yanayoifuata. Huo ni upatanisho, na kuuvunja hapa hugharimu fedha.

4.0 Kauli Isiyotenganishwa na Sharti Lake

Mfano wenye uzito zaidi hutoka kwa diodi za XLamp za kampuni ya Kimarekani ya Cree. Diodi ya XM-L nyeupe huagizwa kwa msimbo unaoanza XMLAWT, na ile iliyoirithi, XM-L2, kwa msimbo unaoanza XMLBWT. Katika zote mbili hupatikana daraja la nuru liitwalo T6, na katika zote mbili T6 humaanisha nuru isiyopungua lumeni 280 kwa mkondo wa miliampea 700. Kwa mtazamo wa juujuu, basi, ni kitu kimoja.

Si kitu kimoja. Daraja za XM-L zilipangwa kwa upimaji uliofanywa diodi ikiwa na joto la ndani la nyuzi 25 za Selsiasi. Za XM-L2 zilipangwa kwa joto la nyuzi 85, ambalo liko karibu zaidi na hali ya taa iliyokwisha kuwaka kwa muda. Kwa kuwa nuru ya diodi hupungua kadiri joto linavyopanda, T6 ya pili ni ahadi kubwa kuliko T6 ya kwanza. Tofauti yote hiyo imebebwa na badiliko la A kuwa B, mbali na pale T6 ilipoandikwa.

Zaidi ya hayo, 280 ni kima cha chini wala si wastani. Mtengenezaji hujiachia ruhusa ya kupeleka bidhaa za daraja la juu kuliko lililoagizwa, na hutangaza pia kwamba upimaji wake una ukengeufu wa asilimia 7 juu au chini. Asilimia 7 ya 280 inakaribia 20. Diodi iliyopimwa na mnunuzi ikatoa lumeni 261 haijavunja ahadi, ingawa 261 ni kiwango cha daraja la T5, linaloanzia lumeni 260.

Hatari huongezeka kwa sababu kipuri hiki ni kidogo mno kubeba msimbo wake mzima. Msimbo huandikwa katika lebo ya gurudumu la utepe ambamo diodi hupangwa kiwandani. Diodi ikishabanduliwa na kuuzwa moja moja, kinachosalia ni neno la muuzaji, nalo kwa kawaida ni kifupi: "T6". Kauli imekatwa kichwa, na kiungo chake kimoja kinatembea peke yake kikijifanya kuwa kauli nzima.

5.0 Pingamizi na Pendekezo

Yaweza kupingwa kwamba kila kampuni ina misimbo yake, kwa hiyo hakuna sarufi ya jumla inayoweza kufundishwa. Pingamizi hili lina ukweli nusu. Sarufi hizo hutofautiana, kama lugha zinavyotofautiana, lakini tofauti za lugha hazijawahi kuzuia kufundishwa kwa mbinu za uchanganuzi. Kinachofundishika ni maswali: nafasi hii ni ya nini, kipimo kinaamuliwa na nini, na kauli hii ni kweli kwa sharti gani? Majibu hutafutwa katika waraka wa vipimo wa mtengenezaji husika.

Wapo pia watakaotaka misimbo itafsiriwe. Hilo nalo halifai, kwa kuwa msimbo uliobadilishwa herufi hauagizi chochote. Kinachostahili kuwa cha Kiswahili ni ufafanuzi wake. Kwa mfano, LXML-PWC1-0100 ingefafanuliwa hivi: "diodi ya LUXEON Rebel yenye mtawanyo wa Lambert, nyeupe baridi, isiyopungua lumeni 100 kwa mkondo wa miliampea 350, joto la upimaji limo katika waraka wa vipimo, halimo katika msimbo." Sentensi hiyo haihitaji istilahi mpya hata moja. Inahitaji tu mtu aliyekubali kwamba msimbo unasema kitu.

Kwa muda mrefu kazi ya istilahi imekuwa kuvipa vitu majina. Misimbo ya vipuri inaonyesha mpaka wa kazi hiyo. Fundi anayejua jina la Kiswahili la kila kilichomo ndani ya taa, lakini asiyeweza kueleza kwa Kiswahili kwa nini T6 mbili zinatofautiana, amepewa msamiati akanyimwa lugha.